Pengo la milimita tatu: kupima mwendo kwa sumaku kwenye mashine za Tanga

Kazi nyingi za kupima mwendo kwa sumaku huharibikia mahali ambapo hakuna anayepatazama: kwenye pengo lililopo kati ya sumaku iliyobandikwa kwenye kinachozunguka na sensa inayoihisi ikipita. Fundi anahangaika na programu tangu asubuhi, anabadilisha waya, ananunua sensa ya pili, kumbe sumaku inapita milimita nane kutoka usoni mwa sensa badala ya tatu. Kwa hiyo tuanze na pengo. Waya na programu vitafuata. Mifano ni ya Tanga, maana huku kuna mambo yake: hewa ya chumvi, singa za mkonge zinazojisokota kwenye kila kinachozunguka, na mageti ya mabati karibu kila nyumba.

Chukua sumaku ya neodimiamu ya kawaida, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 8 na unene wa milimita 3. Mbele ya uso wake, katikati kabisa, hesabu zinatoa takriban militesla 140 (militesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ukiwa umbali wa milimita 3. Kwa milimita 5 zinabaki kama 68. Kwa milimita 8 ni 27, na kwa milimita 10 ni 16 tu. Sasa ifungue karatasi ya maelezo ya A3144, sensa ya Hall (inayohisi sumaku bila kugusana) ambayo ndiyo imejaa madukani: katika joto la kawaida, moja inaweza kuwaka kwa militesla 7 na nyingine ya aina hiyo hiyo ikasubiri hadi 35. Zote mbili ni nzima. Ukiwa na pengo la milimita 8, sensa ya kwanza itafanya kazi na ya pili itakaa kimya, nawe utasema umeuziwa mbovu. Ukiwa na pengo la milimita 3 zote zitawaka bila shida. Tofauti hiyo ya milimita tano ndiyo inayoamua.

Weka pengo la milimita 3, basi, na ulipime kwa kitu cha unene unaojulikana, si kwa jicho. Zungusha shafti kwa mkono mzunguko mzima ukiangalia kama pengo linabadilika, kwa sababu shafti yenye beringi iliyochakaa hucheza. Ikicheza zaidi ya milimita moja, shughulikia beringi kwanza.

Ridi au Hall?

Swichi ya ridi ni vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo. Sumaku ikikaribia, vinagusana. Walter Ellwood wa maabara ya Bell Labs aliibuni mwaka 1936, na bado ina sifa moja ambayo sensa za kisasa hazijaipiku: haili umeme hata kidogo inaposubiri. Kwa mlango wa duka, kifuniko cha kisima au boya la tangi linalotegemea betri, sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Kuharibika kwake kunajulikana. Kioo hupasuka ukikunja mguu wake wa waya karibu nacho, kwa hiyo shika mguu kwa koleo upande wa kioo, kisha kunja upande wa pili wa koleo. Ufa wenyewe huenda usiuone. Utaona tu kwamba baada ya miezi michache ya hewa ya chumvi ya Raskazone migusano imepata kutu. Jambo la pili ni mzigo. Usipitishe umeme wa pampu kwenye ridi. Hata relei (swichi inayovutwa na koili) inataka diodi ya 1N4007 sambamba na koili yake, mstari wa diodi ukielekea upande chanya, la sivyo kila ikizima inarusha cheche na vile vipande vinashikana moja kwa moja. Boya linabaki limeinuka, swichi haifunguki, tangi linafurika.

Kuna hili pia ambalo watu wengi hawalijui. Sumaku ikilala sambamba na ridi na kupita kwa urefu wake, ridi inaweza kufunga mara tatu: pembeni, katikati, pembeni tena. Ukihesabu baiskeli au mizunguko, unapata idadi iliyozidi, halafu unaanza kuilaumu programu. Ipitishe sumaku ikikatiza ridi, na uongeze pengo kidogo ili zile sehemu dhaifu za pembeni zisifike.

Sensa ya Hall haina kinachogusana. Edwin Hall aligundua tabia hiyo mwaka 1879 akiwa mwanafunzi kule Baltimore, Marekani, akipitisha umeme kwenye jani jembamba la dhahabu mbele ya sumaku: volti kidogo ikajitokeza upande hadi upande. Leo jambo hilo limewekwa kwenye kipande cheusi chenye miguu mitatu. Uso wenye maandishi ukikutazama na miguu ikiwa chini, A3144 ina umeme kushoto, hasi katikati na mapigo, yaani ishara inayotoka, kulia. Inakubali volti 4.5 hadi 24, na mguu wa kutoa mapigo unaweza kuvuta hadi miliampia 25 kwenda hasi.

A3144 inaitikia ncha ya kusini ya sumaku mbele ya uso wake wenye maandishi. Ncha ya kaskazini haiisikii. Usipojua ncha ipi ni ipi, funga sumaku kwa uzi mbali na chuma, uiache itulie: upande ulioelekea kusini, kama kwenda Pangani, ndio kusini, ulioelekea kaskazini, kama kwenda Horohoro, ndio kaskazini. Au washa sensa na LED, ukaigeuze sumaku mpaka taa iwake. Kisha tia alama ya wino kwenye uso huo kabla hujaiweka mfukoni.

Uwe mwangalifu na sensa nyingine inayofanana nayo kwa sura, US1881. Hiyo hukumbuka: inawashwa na kusini na haizimi mpaka ipitiwe na kaskazini. Ukiiweka kwenye shafti yenye sumaku moja itawaka mara moja, kisha basi. Ni nzuri kwa gurudumu lenye ncha zinazopishana, kama mota za pikipiki za umeme, ambazo ndani huwa na sensa tatu za Hall zilizotenganishwa kwa nyuzi 120 za umeme. Kwa kazi yetu ya shafti haifai.

Shafti ya mashine ya brashi

Tuseme unataka kujua kasi ya shafti kwenye mashine ya kupiga brashi singa za mkonge. Mota ni ya ncha nne, umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo kibao chake kinaonyesha kama mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni milimita 150, ya mashine ni 300. Shafti ya mashine inatakiwa kwenda 720. Ukisoma 705 au 710, mkanda unateleza kidogo kama mikanda yote. Ukisoma 650, umepoteza karibu asilimia 10: mkanda umelegea, au puli imelika, na joto litakuonyesha ukiigusa puli baada ya kuzima. Kwa sababu hiyo napendelea sensa mbili, moja kwa mota na moja kwa mashine. Namba moja peke yake haikwambii kama mota imelemewa au mkanda unateleza.

Zima swichi kuu, toa fyuzi ukae nayo mwenyewe, ndipo usogeze mkono karibu na shafti.

Sumaku usiitie moja kwa moja kwenye tundu ulilolitoboa kwenye chuma cha shafti, ikawa sawasawa na uso. Chuma kinachoizunguka kinaurudisha uga, yaani nguvu ya sumaku inayosambaa hewani, nyuma kupitia pembeni, na kinachobaki nje ni kidogo mno. Tengeneza kola ya nailoni au aluminiamu yenye nusu mbili zinazofungwa kwa bolti. Toboa tundu la milimita 8, kina milimita 3 na nusu, ingiza sumaku uso wa kusini ukitazama nje, jaza epoksi ya sehemu mbili mpaka juu. Isitokeze. Kitu chochote kinachotokeza kwenye shafti ya mkonge hukusanya singa, na ndani ya zamu moja utakuta bonge la nyuzi limejisokota pale na linaikwangua sensa kila mzunguko.

Kwa nini nasisitiza epoksi na si gundi ya haraka? Sumaku hiyo ina uzito wa gramu moja na kidogo. Ikiwa kwenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na mota inakwenda 1,440, inavutwa kwenda nje kwa nguvu ya nyutoni 2.6 hivi, kama vile umening'iniza robo kilo ya sukari juu yake saa zote, na mtetemo juu. Gundi ya haraka hugeuka kavu na kuvunjika kwa mtetemo na unyevu. Sumaku ikitoka kwa mwendo huo inaruka. Weka sumaku ya pili, au kipande cha uzito uleule, upande wa pili wa kola ili mzunguko usitetemeke.

Joto nalo. Neodimiamu za daraja la kawaida zisivuke nyuzi 80. Zikivuka hupoteza nguvu ambayo haitarudi zikipoa. Karibu na injini ya dizeli tumia feraiti, ile nyeusi ya spika. Ni dhaifu, kwa hiyo chukua kubwa zaidi, lakini inavumilia joto zaidi ya nyuzi 200 na haishiki kutu. Neodimiamu ikikwanguka lile ganda la nikeli, hewa ya bahari huingia na sumaku inavimba, inapasuka, mwishowe inakuwa unga wa kijivu. Mahali pa karibu na maji ya mkonge, ambayo ni makali, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye feraiti.

Pia kuna sensa isiyohitaji sumaku kabisa. Ile ya bomba lenye nyuzi za kufungia, M12, kama LJ12A3-4-Z/BX, ina koili ndani yake inayotoa uga unaobadilika haraka. Chuma kikikaribia, nishati inapungua na sensa inageuka. Umbali wake wa milimita 4 ni kwa chuma cha kawaida. Kwa shaba au aluminiamu unashuka hadi theluthi au nusu. Iweke milimita 2 hadi 3 mbele ya vichwa vya bolti za puli na umemaliza. Waya wa kahawia ni chanya, wa buluu hasi, mweusi mapigo. Kwenye vumbi, mafuta na singa, hii ndiyo chaguo langu la kwanza, kwani hakuna cha kubandika wala cha kuruka. Kuna nyingine inayofanana nayo kabisa kwa umbo, NJK-5002C, ila hiyo ni ya Hall na inataka sumaku. Soma maandishi ubavuni kabla ya kulipa.

Waya, halafu hesabu

A3144 haitoi volti yenyewe. Inavuta waya kwenda hasi tu. Bila rezista ya kuupandisha waya kwenda chanya, utasoma takataka. Kwa waya wa sentimita 30 mezani, kiloomu 10 zinatosha. Kwa mita 10 kando ya kebo ya fezi tatu hazitoshi, maana waya unakuwa antena: kila kontakta (swichi kubwa ya mota) ikigonga, unahesabu mizunguko ambayo haikuwepo. Shuka hadi kiloomu 1 au 2.2, tumia waya uliosokotwa wenye ganda la kinga, ganda hilo liungwe hasi upande mmoja tu, na weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya chanya na hasi pale pale kwenye miguu ya sensa. Ukitaka kulala bila wasiwasi, ilishe sensa volti 12 na uweke PC817, kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga, mwishoni: kutoka chanya, kupitia rezista ya kiloomu 1, kupitia taa ya ndani ya PC817, hadi waya wa mapigo. Inapita kama miliampia 11, na kelele ndogo haziwezi kuiwasha.

ESP32, kompyuta ndogo ya kusoma sensa, haitaki volti 5 kwenye pini zake. Sensa unaweza kuilisha volti 5 na waya wa mapigo ukaupandisha kwenye 3.3 tu. Zile sensa zilizokuja zimebandikwa kwenye kibao kidogo zina rezista tayari, na rezista hiyo imeungwa kwenye chanya ya kibao, kwa hiyo zitatoa 5. Ing'oe rezista hiyo au tumia sensa tupu.

Sasa hesabu. Sumaku ikipita kwa nusu kipenyo cha sentimita 5 na shafti ikienda 1,440, inasafiri mita 7.5 kwa sekunde. Milimita 8 zake zinapita mbele ya sensa kwa takriban milisekunde 1. Programu inayochungulia pini kisha inalala milisekunde 10 itakosa mapigo mengi. Tumia interapti, yaani pini inayoikatiza programu mara pigo likija. Kwenye kibao cha Arduino Uno ni pini ya 2 au ya 3.

Njia ya kuhesabu mapigo kwa sekunde moja ni rahisi na inadanganya. Kwa sumaku moja na mizunguko 1,440 kwa dakika unapata mapigo 24 kwa sekunde. Ukikosa au ukizidisha pigo moja, kosa ni mizunguko 60. Namba kwenye skrini inaruka 1,380, 1,440, 1,500, na mwenye mashine anaamini mota ina matatizo. Pima muda kati ya pigo na pigo badala yake: kwa kasi hiyo ni maikrosekunde 41,667. Gawanya 60,000,000 kwa muda huo, na jibu ni 1,440. Saa ya micros() kwenye Uno inakwenda kwa hatua za maikrosekunde 4, kosa ambalo huwezi hata kuliona.

Ukiwa na sumaku mbili, na zote zinasomwa, usipime kati ya moja na inayofuata. Hakuna mkono unaoziweka nyuzi 180 kamili, kwa hiyo utapata muda mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Pima kutoka pigo la kwanza hadi la tatu, yaani mzunguko mzima. Kataa pigo lolote linalokuja mapema kuliko inavyowezekana: kama mashine haiwezi kuvuka 3,000 kwa sumaku moja, muda mfupi halali ni milisekunde 20, basi chochote chini ya 10 ni kelele. Na sekunde mbili zikipita bila pigo, andika sifuri. Njia ya muda ina kasoro hiyo: mashine ikisimama, skrini inabaki na kasi ya mwisho, na mtu atasogeza mkono akiamini skrini imekwama au, vibaya zaidi, ataacha kuiamini siku zote.

Maji

Mita ndogo za plastiki kama YF-S201 ni sensa ya Hall na gurudumu lenye sumaku. Karatasi yake inasema hezi 7.5 kwa kila lita moja kwa dakika, sawa na mapigo 450 kwa lita, kati ya lita 1 na 30 kwa dakika. Usiiamini namba hiyo bila kupima. Inaweza kukosea hadi asilimia 10. Jaza ndoo ya lita 20 uliyoihakiki kwa mzani (kilo 20 za maji ni lita 20), ukiwa na mtiririko unaofanana na wa kawaida wa nyumba yako. Ulitarajia 9,000, ukipata 8,640, namba yako ni 432. Rudia kwa mtiririko mdogo, kwa sababu hautakuwa uleule.

Bomba linalovuja matone halitahesabiwa, gurudumu halisogei. Na maji yakirudi baada ya kukatika, hewa inayotangulia inalizungusha gurudumu kwa kasi ya ajabu na mita inaandika lita ambazo hazikuingia tangini. Programu ikatae chochote zaidi ya hezi 225, ambayo ndiyo lita 30 kwa dakika. Mabomba ya zamani ya chuma nayo huachia chembe za kutu nyeusi zinazonasa kwenye sumaku ya gurudumu mpaka likwame. Weka chujio kabla ya mita, na lifunguliwe lisafishwe.

Gari getini

Hapa hakuna sumaku ya kubandika. Dunia yenyewe ndiyo sumaku. Kwa Tanga uga wake ni kama maikrotesla 33 au 34, dhaifu kuliko Ulaya, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta ya sumaku, ncha ya kaskazini ya sindano huinuka juu badala ya kuinama. Gari ni tani moja ya chuma. Linapokaribia linaupinda uga huo, na sensa ya mihimili mitatu, inayopima uga kwa pande tatu, inauona mpindo huo kama maikrotesla chache kwa umbali wa mita moja. Pikipiki ni kidogo zaidi. Mtu kwa miguu haonekani.

Kipimo ni hiki: weka wastani wa polepole wa kila mhimili kama msingi, toa msingi kwenye usomaji wa sasa, piga kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Ikivuka kizingiti, kwa mfano maikrotesla 2, kuna gari. Muhimu: gari likishaonekana, usimamishe kusahihisha msingi. La sivyo gari lililoegeshwa nusu saa linageuka kuwa sehemu ya msingi, na likiondoka ndipo kengele inalia. Soma mara nyingi na uchukue wastani wa milisekunde 20 kamili, ili hezi 50 za waya wa juu zijifute zenyewe.

Sensa ikae kwenye bomba la plastiki, imezikwa na isitikisike. Ikigeuka nyuzi moja tu ndani ya uga wa maikrotesla 33, mhimili mmoja unaweza kubadilika kwa karibu 0.6 bila gari lolote. Zege ni sawa, ila bila nondo. Na geti la bati lenyewe ni chuma kinachotembea. Sensa ikiwa chini ya mita moja kutoka kwake utakuwa unapima geti. Ihamishie upande wa barabara, mita mbili hivi, au soma sensa pale tu geti likiwa limefungwa.

Kibao cha sensa hii kinachouzwa kwa jina la GY-271 mara nyingi kinakuja na moja ya chipu mbili. HMC5883L inajibu kwenye anwani 0x1E, QMC5883L kwenye 0x0D, na rejista zao ni tofauti. Programu ya moja ikitumiwa kwa nyingine huleta sifuri au namba zilizoganda. Endesha programu ndogo ya kutafuta anwani kwanza. Ukiona 0x0D, pakua maktaba ya programu ya QMC, hata kama kibao kimeandikwa HMC.